Ndege ya mchana au ya usiku? Kuvuka Atlantiki kutoka New York kwenda London

Wengi wetu tunaoishi pwani ya mashariki ya Marekani tumezoea kwamba safari ya Ulaya ni ya usiku. Unatoka kazini, unaburuta begi mpaka uwanja wa ndege wa JFK, unapanda ndege baada ya Magharibi na kuteremka London kumekucha. Mimi nilisafiri hivyo miaka tisa bila kujua kwamba kuna njia nyingine. Ipo. Kila asubuhi ziko ndege zinazoondoka New York mnamo saa mbili na kufika London mnamo saa mbili usiku wa siku hiyohiyo. Nimeshasafiri kwa zote mbili mara za kutosha, nami nina upande wangu, ila nitasema pia ni nani asiifuate njia yangu.

Kwanza tuelewane ni safari ipi tunayoizungumzia. Kutoka London kwenda New York karibu ndege zote ni za mchana. Unaondoka adhuhuri, unalifukuza jua kuelekea magharibi, na unafika alasiri. Kuchagua kunakuja pale unapokwenda mashariki, kwa sababu huko saa za ukutani zinakukimbia: London iko mbele ya New York kwa saa tano. (Kwa wiki mbili au tatu mwezi Machi, na wiki moja kati ya Oktoba na Novemba, tofauti huwa saa nne tu, kwa kuwa Marekani na Ulaya hazibadilishi saa siku moja.) Safari yenyewe ni kama saa saba kutoka geti hadi geti, na angani hasa ni sita na kitu.

Usiku wa ndegeni una saa ngapi?

Hoja ya kwanza ya wanaopenda ndege ya usiku ni kwamba unalala njiani, unaamka umefika, na siku haijapotea. Naomba tuihesabu hoja hiyo.

Chukua ndege inayoondoka saa moja na nusu usiku. Mpaka ipange foleni na kuruka ni saa mbili. Chakula kinapita, trei zinakusanywa, taa zinapunguzwa: saa tatu na nusu. Kule mbele, saa moja na nusu hivi kabla ya kutua, taa zinawashwa tena, unasikia magurudumu ya toroli ya chai na harufu ya mkate uliopashwa moto. Kwa saa ya New York hapo ni saa saba kasorobo usiku. Kati ya taa kuzimwa na taa kuwashwa una saa tatu na robo. Toa dakika za kutafuta pa kuweka shingo, toa jirani wa dirishani anayetaka kwenda msalani, toa mtoto anayelia safu ya nne. Halafu jiulize: nyumbani kwako huwa unalala saa tatu na nusu usiku? Mimi silali. Kwa hiyo nikipata saa moja na nusu ya usingizi wa kukatikakatika nashukuru.

Na upepo nao haukusaidii. Juu ya Atlantiki kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, na majira ya baridi huzidi nguvu. Marubani wanaupenda kwa sababu unasukuma ndege na kuokoa mafuta. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, dhoruba iliyoitwa Ciara ilipokuwa inaelekea Uingereza, ndege ya British Airways aina ya Boeing 747 ilitoka JFK na kutua Heathrow, uwanja mkubwa wa London, baada ya saa 4 na dakika 56. Ilifika saa kumi na dakika 43 za alfajiri, zaidi ya saa nzima kabla ya wakati wake. Ilikuwa sifa kubwa kwa ndege, ila kwa abiria wa viti vya kawaida usiku ulikatwa kipande kingine. Ndege ya mchana ikisukumwa na upepo huohuo, unachopata ni kufika mapema kwa chakula cha usiku.

Machovu mawili, si moja

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya, na mimi nilichanganya muda mrefu. Anayevuka Atlantiki kwenda mashariki anabeba machovu ya aina mbili. La kwanza ni la kukosa usingizi. La pili ni la saa ya mwili, ile inayouambia mwili sasa ni usiku, lala, au sasa ni asubuhi, amka. Ndege ya mchana inakuondolea la kwanza. La pili hakuna ndege inayokuondolea. Ukivuka saa tano umezivuka, uwe ulikuwa macho au ulikuwa umelala.

Lakini machovu haya yanazidishana. Ukifika saa moja na nusu asubuhi kwa ndege ya usiku, mwili wako unajua ni saa nane na nusu za usiku. Unatoka nje, jua linakupiga usoni, na watu wamezoea kuambiwa kwamba jua ndilo dawa. Kwa saa hizo za mwanzo si dawa. Mwili wa mtu anayelala kwa kawaida mpaka saa moja asubuhi hufikia joto lake la chini kabisa saa mbili tatu kabla ya kuamka, yaani mnamo saa kumi au kumi na moja alfajiri ya New York. Mwanga mkali kabla ya hapo huisukuma saa ya mwili nyuma, kuelekea magharibi, kinyume na unakokwenda. Mwanga baada ya hapo huivuta mbele. Kwa London mpaka huo ni kama saa tatu au saa nne asubuhi. Kwa hiyo aliyeshuka ndege ya usiku avae miwani ya jua mpaka kama saa nne, kisha atoke atembee bila miwani kadiri awezavyo. Sheria hiyohiyo inamhusu aliyekuja kwa ndege ya mchana, asubuhi yake ya kwanza. Tofauti ni kwamba yeye saa hizo yuko kitandani bado, pazia limefungwa, na hana haja ya miwani.

Kuna faida nyingine ya ndege ya mchana ambayo niliigundua kwa kuifanya tu. Ili kuipanda inabidi uamke saa kumi alfajiri. Inauma, lakini kule kuamka kwenyewe ni kuanza kuhamia London. Unapokaa dirishani saa tatu asubuhi, mwanga wote ule wa juu ya mawingu unaivuta saa yako mbele. Na ukifika ulikokwenda saa nne usiku, ingawa New York ni saa kumi na moja jioni, umekuwa macho tangu alfajiri. Ukioga, ukala kidogo, saa sita usiku usingizi unakuja wenyewe.

Asubuhi ya ndoa ya mpwa wangu

Kilichonigeuza hasa ni ndoa ya binti wa dada yangu, mashariki ya London. Ndoa ilikuwa Jumamosi baada ya Adhuhuri. Nikapiga hesabu ya kibahili: nikiruka Ijumaa usiku, sitaomba ruhusa kazini, nitafika asubuhi, nitaoga, nitavaa kanzu. Ndege ilitua kwa wakati. Foleni ya uhamiaji asubuhi ile ilikuwa imejaa watu wa ndege kumi kwa pamoja, maana nusu ya Marekani hushuka Heathrow saa hizo. Nikafika hotelini saa nne kasoro, nikaambiwa vyumba huanza saa tisa mchana. Nikabadilisha nguo chooni, karibu na kikaushio cha mikono.

Nilikuwepo msikitini. Nilikaa safu ya pili nyuma ya shemeji. Nakumbuka halua kwenye sahani ya buluu na kikombe kidogo cha kahawa ambacho nilikishika kwa mikono miwili ili nisikidondoshe. Maneno ya khutba siyakumbuki hata moja. Jioni dada aliniita pembeni akaniambia, "Mdogo wangu, ungekuja jana. Mtoto alikuwa anakutafuta kwa macho, na wewe macho yako hayakuwepo." Hakunifokea, na ndiyo maana nimeyahifadhi.

Mpwa wangu aliponizalia mjukuu miaka miwili baadaye, nilipanda ndege ya asubuhi. Nilifika kwake saa nne na nusu usiku, nikala wali wa nazi na samaki wa kupaka uliofunikwa kwa sahani, nikalala, na saa mbili asubuhi nilimpakata mtoto nikiwa mtu kamili.

Kasoro za ndege ya mchana, bila kuficha

Siku nzima inakwenda. Hilo usidanganywe. Unaondoka saa mbili, unafika saa mbili, na katikati hapo umekula saa saba za safari na saa tano za kanda. Anayehesabu siku za likizo ataiona siku ile ikitoka mfukoni. Jibu langu ni kwamba aliyekuja usiku naye ameipoteza siku ya kufika, ila anaipotezea barabarani na hotelini badala ya kuipotezea kwenye kiti. Lakini kama bosi wako hakupi siku, hakupi, na jibu langu halikusaidii.

Unalipa usiku mmoja zaidi wa malazi. London malazi si ya mchezo. Kwa anayefikia kwa ndugu hii si hoja, kwa anayefikia hotelini ni hoja kamili. Ila kwenye hesabu ya ndege ya usiku weka pia kile watu wanachosahau: ama unakaa na mabegi mpaka saa nane au saa tisa mchana, ama unalipia usiku uliotangulia ili uingie asubuhi. Ukilipia huo, mmelingana.

Kuamka saa kumi ni shida zaidi kwa anayeishi mbali na uwanja. Treni za chini za New York na AirTrain ya JFK hutembea usiku kucha, lakini alfajiri hupita kwa nafasi ndefu. Anayetoka Jersey City au Bronx atahitaji teksi au mwenyeji. Upande wa pili, ndege ikichelewa saa tatu au nne, unatua Heathrow usiku wa manane, na laini ya Piccadilly, treni ya chini inayokwenda mjini, hutembea usiku kucha Ijumaa na Jumamosi tu. Weka namba ya teksi tayari, na mwambie mwenyeji wako asilale bila kuangalia simu. Ndege ya usiku ikichelewa saa nne unafika adhuhuri, na usafiri uko tele. Kwa hilo ndege ya usiku inashinda wazi.

Kwa nini ni chache

Ukitafuta tiketi utaona ndege za usiku chungu nzima na za mchana za kuhesabu. Sababu ni za kibiashara na za jiografia. Ndege inayotoka London adhuhuri ikafika New York alasiri, ikageuza jioni na kurudi London asubuhi, imefanya safari mbili bila kulala. Ya mchana inalazimika kulala New York kisha kulala London, na ndege iliyosimama ni hasara. Tena ndege ya asubuhi haiwezi kujazwa na watu wa Denver au Atlanta, kwa kuwa ni wachache watakaofika JFK saa kumi na mbili alfajiri kutoka huko. Inajazwa na wenyeji.

Hata anga yenyewe imepangiwa usiku. Njia za ndege juu ya Atlantiki ya Kaskazini huchorwa upya mara mbili kwa siku na vituo viwili, Gander kule Newfoundland, Kanada, na Shanwick, ambacho waongozaji wake wako Prestwick, Scotland. Mchana njia huelekezwa magharibi, usiku huelekezwa mashariki. Ndege yako ya asubuhi inapita kando ya msafara, ikikutana na wote wanaokwenda kinyume nayo. Mara mbili nimeona kwa chini ndege nyingine ikituvuka kuelekea Marekani, nyembamba kama sindano, na mstari wake mweupe nyuma.

Kwa hiyo tafuta kutoka New York, Newark, Boston, Washington au Chicago kwenda Heathrow. Boston ndiyo nzuri kuliko zote, maana ni karibu zaidi na unafika mapema jioni. Chicago iko nyuma ya London kwa saa sita, na unafika usiku umeshaingia sana. Kutoka California haiwezekani kwa akili timamu: saa kumi za safari na saa nane za kanda, ukiondoka saa mbili asubuhi ungetua saa nane usiku. Ratiba nazo hubadilika kati ya kiangazi na baridi, basi angalia tarehe yako hasa.

Kama London ni njia tu ya kwenda nyumbani

Hapa nageuza ushauri wangu. Kama unakwenda Nairobi, Dar es Salaam au Entebbe kupitia Ulaya, panda ya usiku. Ndege ya British Airways kwenda Nairobi kwa kawaida huondoka London asubuhi, na ya KLM kwenda Kilimanjaro na Dar es Salaam huondoka Amsterdam asubuhi vilevile. Zimepangwa zipokee watu walioshuka kutoka Marekani alfajiri. Ukija na ndege ya mchana utalala London, na kulala London kuna mambo yake: mwenye pasi ya Kenya au Tanzania anahitaji viza kuingia Uingereza, mwenye pasi ya Marekani anahitaji kibali cha ETA tangu Januari 2025. Grini kadi inaweza kulegeza masharti ya tranziti, lakini soma masharti hayo mwenyewe kabla ya kulipa, usiyachukue kwa mtu wa wasapu.

Zuri zaidi kwa anayekwenda Kenya ni ndege ya moja kwa moja ya Kenya Airways kutoka JFK hadi Nairobi, iliyoanza Oktoba 2018. Ni saa kama 14, huondoka mchana na kufika kesho yake. Saa 14 zina nafasi ya usiku mzima ndani yake. Hapo hata mimi nalala.

Wazee, watoto, na wenye saumu

Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Simpandishi tena ndege ya usiku kwenda London. Mchana anainuka, anatembea njiani, anazungumza na wahudumu, anakunywa maji. Usiku kila mtu amelala na yeye anaona haya kumwamsha jirani ili apite, basi hukaa vilevile mpaka miguu ivimbe. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba kukaa safarini saa nne au zaidi bila kujisogeza huongeza takriban mara mbili hatari ya damu kuganda miguuni. Hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu mmoja kati ya 6,000, lakini mzee ana haki ya kutembea, na mchana anatembea.

Watoto wadogo ni kinyume. Mtoto anayelala usiku kucha nyumbani, mara nyingi atalala na ndegeni. Mwenye miaka mitatu atakaa macho kwa saa saba za safari ya mchana na atataka kuburudishwa zote saba.

Na Ramadhani? Msafiri ana ruhusa ya kula na kulipa. Lakini anayefunga akaenda mashariki mchana atashangaa siku ilivyo fupi: jua linamkimbilia, na majira ya baridi linazama angali juu ya bahari. Hufuturu akiona limezama pale alipo, si kwa saa ya New York wala ya London. Beba tende kwenye begi la mkononi, kwa kuwa toroli ya chakula haitapita kwa wakati wako.

Ukishaamua

Kama umechagua mchana, usilipe daraja lenye kitanda. Hulali, kitanda cha nini? Chukua kiti cha kawaida, upande wa kushoto dirishani. Ukielekea mashariki jua liko kulia kwako karibu safari nzima, na walio kulia hufunga vifuniko vya madirisha mapema. Kushoto utaona pwani ya Newfoundland, kisha maji matupu kwa saa nyingi, na mwezi Juni, kama mawingu yameachia, utaiona Ireland ikiwa bado ina mwanga.

Kama umechagua usiku, kula uwanjani kabla ya kupanda, mwambie mhudumu asikuamshe kwa chakula wala kwa chai, funga mkanda juu ya blanketi ili asikuguse kuukagua, na ujikusanyie saa nne badala ya tatu. Usikodi gari siku ya kufika. Na kagua tarehe: ndege ya saa sita na nusu usiku inaandikwa kwa tarehe ya siku inayoanza, si ya jioni uliyofunga begi. Namjua jamaa aliyefika JFK Jumanne usiku na tiketi ya ndege iliyokuwa imeondoka saa ishirini na tatu kabla.